Mgonjwa ananyimwa morfini kwa hofu ya uraibu, mraibu ananyimwa tiba kwa hofu hiyo hiyo

MkeshaWodini (mleta mada):

Heshima kwenu wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auweke akiba ausome akitulia.

Nataka tuongelee dawa za maumivu za jamii ya afyuni: kodeini, tramadoli, pethidini, morfini, oksikodoni, fentanili. Hizi ndizo zinazomfaa mgonjwa pale parasetamoli na diklofenaki zinapogonga mwamba: saratani iliyoingia kwenye mifupa, majeraha makubwa ya moto, mguu uliosagika kwenye ajali, seli mundu inapopamba moto. Na hizi hizi ndizo zinazoua watu kwa kuzidisha dozi, maana zikizidi mwilini pumzi hupungua mpaka inakata. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Ubishi mwingi niliousoma mitandaoni unatokana na mtu kushika ukweli mmoja na kuufukia mwingine.

Ninachoamini, na nitakitetea hapa, ni kwamba kufunga mlango wa dawa peke yake hakumponyi mraibu, halafu kunamtesa mgonjwa asiye na kosa lolote. Kinachosaidia ni dawa kuwepo, mikononi mwa mtu aliyefundishwa kuitumia, ambaye atarudi kumwangalia aliyempa.

Nianze na Marekani, kwa sababu kila anayetaka kukataa morfini huitaja Marekani.

Mwaka 1980 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua fupi mno, sentensi tano tu, ya Jane Porter na Hershel Jick. Walisema kati ya wagonjwa 11,882 waliolazwa na kupewa dawa hizi, wasio na historia ya uraibu, ni wanne tu walioonekana kupata uraibu. Angalieni hilo neno: waliolazwa. Watu waliokuwa kitandani hospitalini, dozi inaletwa na nesi. Barua haikusema lolote kuhusu mtu anayepewa kopo la vidonge aende nalo nyumbani. Lakini kwa miaka zaidi ya 30 ilinukuliwa zaidi ya mara 600, na wengi walioinukuu waliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni jambo la nadra.

Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ikaingiza sokoni OxyContin, oksikodoni ya kutoka taratibu mwilini, na wauzaji wake wakapita kwa madaktari wakiwahakikishia kuwa hatari ya uraibu ni ndogo. Waliotaka kulewa waligundua upesi kwamba ukikisaga kidonge, dozi yote inatoka kwa mpigo. Mwaka 2007 kampuni dada na wakuu watatu walikiri kosa mahakamani la kupotosha kuhusu dawa hiyo, wakatozwa zaidi ya dola milioni 600. Mwaka 2020 Purdue yenyewe ikakiri makosa mengine. Kwa hiyo anayesema biashara ilichangia msiba ule hakosei hata kidogo. Watu walizikwa kwa sababu mtu fulani alitaka mauzo yapande.

Mwaka 2012 ndio ulikuwa kilele: vyeti vya dawa hizi takribani milioni 255 viliandikwa kwa mwaka mmoja, zaidi ya 80 kwa kila watu 100. Hapo breki zikafungwa. Kufikia 2020 vyeti vilikuwa vimeshuka hadi milioni 142 hivi.

Vifo je? Mwaka 2012 walikufa watu zaidi ya 41,000 kwa kuzidisha dozi za dawa na mihadarati ya kila aina. Mwaka 2021 wakafa zaidi ya 106,000. Vyeti vimepungua karibu nusu, vifo vimezidi mara mbili!

Sababu si ngumu kuiona. Aliyekuwa ameshashikwa na dawa hakupona siku cheti kilipokatwa. OxyContin ilipobadilishwa mwaka 2010 ili isisagike kirahisi, wengi walihamia heroini. Baada ya heroini ikaja fentanili ya vichochoroni, yenye nguvu takribani mara 100 ya morfini, inayobanwa kuwa vidonge vinavyofanana kabisa na vya famasia. Anayemeza hajui kama kidonge kimoja kina kidogo au kina cha kumuua.

Na wale wagonjwa wa kweli? Mwaka 2016 kituo cha udhibiti wa magonjwa cha nchi ile, CDC, kilitoa mwongozo kwa madaktari wa kawaida, kikashauri wajihadhari kupita kiwango sawa na miligramu 90 za morfini kwa siku. Ulikuwa ushauri, na ulisema wazi kwamba hauwahusu wagonjwa wa saratani na wale wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mateso mwenye maradhi mazito. Lakini bima, maduka ya dawa na majimbo wakaufanya kuwa sheria ya chuma. Watu waliokuwa wanafanya kazi na kulea watoto kwa dozi ile ile kwa miaka wakakatwa ghafla. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa, FDA, ikalazimika kutoa onyo kwamba kukata ghafla kumeleta arosto kali (mwili kudai dawa), maumivu yasiyovumilika na watu kujiua. Mwaka 2020 jarida la BMJ likachapisha utafiti wa maveterani, yaani wanajeshi wastaafu, uliokuta kwamba hatari ya kufa kwa kuzidisha dozi au kujiua ilipanda baada ya mtu kusimamishwa dawa. Mwaka 2022 CDC waliandika mwongozo upya na kuviondoa vile viwango vya mkato. Kwa waliokufa katikati ya 2016 na 2022 haikusaidia kitu.

Naendelea kwenye posti inayofuata.

MkeshaWodini:

Sehemu ya pili.

Hayo ya Marekani ni ya nchi iliyokuwa na dawa nyingi kupita kiasi. Sehemu kubwa ya dunia iko upande wa pili kabisa. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilipiga hesabu ya dawa hizi zote kwa kipimo cha morfini: kati ya tani 298.5 zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zaidi zinapata tani 0.1. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi na bado inanikaba kooni. Tume hiyo hiyo ilisema watu zaidi ya milioni 61 kila mwaka wanapitia mateso makali ya kiafya ambayo tiba shufaa ingeyapunguza.

Na si kwa sababu dawa ni ghali. Morfini ya maji ni miongoni mwa dawa za bei nafuu, haina hati miliki, na morfini kwa ujumla imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya 1977. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, ambao ndio msingi wa sheria za mihadarati karibu kila nchi, unasema mwanzoni kabisa kwamba matumizi ya kitabibu ya dawa hizi hayaepukiki katika kutuliza maumivu na mateso, na kwamba nchi zihakikishe zinapatikana. Nusu hiyo ya mkataba haisomwi.

India ni mfano unaouma. Inalima afyuni kihalali na kuiuza kwa viwanda vya dawa vya nje. Sheria yake ya 1985 ikaweka adhabu kali na mlolongo wa leseni, na matumizi ya morfini hospitalini yakaporomoka kwa zaidi ya asilimia 90 katika miaka iliyofuata. Hospitali ziliona afadhali zisiwe nayo kabisa kuliko kuhesabiwa chupa na polisi. Dk. M. R. Rajagopal wa Kerala na wenzake walihangaika miaka mingi mpaka bunge likarekebisha sheria mwaka 2014.

Urusi, Februari 2014, admirali mstaafu Vyacheslav Apanasenko, mgonjwa wa saratani ya kongosho, alijiua. Mkewe alikuwa amezunguka ofisi za kliniki siku nzima kutafuta saini za cheti cha morfini, ikakosekana moja. Aliacha ujumbe akiilaumu serikali. Kanuni zilianza kulegezwa baada ya hapo. Admirali! Fikirieni mtu asiye na cheo.

Halafu kuna Uganda. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na morfini ikawa inatengenezwa kwa kuchanganya unga na maji, ikitiwa rangi ili dozi zisichanganywe: kijani kwa hafifu, waridi kwa yenye nguvu, buluu kwa kali kabisa. Mwaka 2004 sheria ikaruhusu manesi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika, kwa sababu mgonjwa wa kijijini hana daktari wa kumfikia. Nchi isiyo tajiri, na morfini inamfikia mgonjwa kitandani kwake.

Kwa nini mimi ninashupalia jambo hili? Nilimuuguza kaka yangu, saratani ya tezi dume ilikuwa imefika kwenye uti wa mgongo na nyonga. Hakuweza kulala chali wala ubavu. Alikaa kwenye kiti usiku kucha, ameegemeza paji la uso kwenye ukingo wa kitanda, na shuka ikimgusa paja anaipangusa kama inaunguza. Alichomwa diklofenaki mpaka matako yakawa na vinundu. Nilipoomba kitu chenye nguvu zaidi, daktari wa zamu alinijibu, "Tukimpa morfini atazoea." Mtu aliyekuwa na wiki chache za kuishi, anaogopewa uraibu.

Tulikuja kuipata kupitia nesi wa tiba shufaa. Chupa ndogo, na bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia. Alimpa mililita chache, akakaa naye, akarudi kumwangalia pumzi baada ya saa moja. Kaka alilala kitandani, kwa ubavu. Siku chache baadaye aliomba anyolewe ndevu kwa sababu alikuwa anatarajia wageni. Hakulewa, hakuweweseka. Alikuwa yeye.

Hili ndilo naomba watu walielewe. Mwili wa yeyote anayetumia dawa hizi kwa wiki kadhaa utazizoea, na akiacha ghafla atapata arosto: makamasi, miayo, vipele vya baridi, kuhara, miguu isiyotulia, usingizi kukataa. Hiyo ni kazi ya mwili, kama ilivyo kwa baadhi ya dawa za presha ambazo hazisimamishwi ghafla. Uraibu ni kitu kingine: mtu anaitafuta dawa hata inapomharibia maisha, anashindwa kuacha japo anataka, anaficha, anadanganya, maisha yanasinyaa yanabaki na hiyo dawa tu. Mgonjwa wa saratani anayeangalia saa kwa sababu dozi yake imechelewa hajawa mraibu. Ana maumivu.

Karibuni tujadili. Natamani sana kuwasikia walioguswa kwa upande wowote.

Bi_Subira:

Mleta mada, nimesoma yote, na pole kwa kaka yako. Lakini mimi ni mama wa kijana aliyeharibikiwa na hizo dawa, kwa hiyo utaniwia radhi.

Alivunjika paja kwa ajali. Akaandikiwa tramadoli. Kila akirudi anaandikiwa tena, hakuna aliyemuuliza mfupa umefikia wapi wala anameza ngapi. Mfupa ukapona, vidonge havikuisha. Baadaye cheti kikakataliwa, akaanza kununua vya mitaani vyenye maandishi 225. Siku moja nilimkuta chini bafuni anatupa miguu, povu mdomoni, nikadhani kifafa. Sasa hivi nyumbani hakuna kitu cha thamani kilichobaki, na mdogo wake hamsemeshi. Wewe unaniambia mlango uwe wazi?

MkeshaWodini:

Shikamoo mama, na pole sana. Ulichoandika hakipingani na nilichosema, na nitajibu kwa heshima zote.

Tramadoli ya hospitali kwa kawaida ni ya miligramu 50 au 100, na kwa siku haipaswi kuzidi 400. Hiyo ya 225 haikutengenezwa kwa ajili ya mgonjwa yeyote. Ilitengenezwa na watu waliojua wanamuuzia nani. Na degedege ni hatari inayojulikana ya tramadoli dozi ikizidi. Nchi kadhaa zilichukua hatua mwaka 2018: India iliiweka tramadoli chini ya sheria ya mihadarati, Nigeria ilipiga marufuku kutengeneza na kuagiza dawa ya kikohozi yenye kodeini. Mimi sipingi kukamata vidonge vya namna hiyo, wala sipingi waliomuuzia mwanao kufungwa.

Lakini mama, tazama alipopotelea. Aliandikiwa mara nyingi bila kuulizwa, halafu akakataliwa bila kuulizwa. Siku ile cheti kilipokataliwa ndiyo siku aliyopaswa kukalishwa chini na kuambiwa, "Mwili wako umeshikwa, tuna tiba." Badala yake alitolewa nje, na mitaani kulikuwa na mtu anamsubiri.

Tiba ipo. Methadoni na buprenorfini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005. Zinaondoa arosto na uchu bila kumlewesha mtu akitumia dozi sahihi, na anaweza kufanya kazi. Ufaransa iliwaruhusu madaktari wa kawaida kuandika buprenorfini kuanzia 1995, na ndani ya miaka minne vifo vya kuzidisha dozi vilishuka kwa karibu asilimia 80. Wapo watakaokwambia hiyo ni kubadilisha dawa moja kwa nyingine, basi aache kwa nguvu tu. Usiwasikilize. Anayeachishwa bila tiba mwili unapoteza ule uzoefu, akirudia dozi aliyokuwa akiimudu zamani inamuua. Ndiyo maana watu wengi hufa wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani.

Bi_Subira:

Hilo la gerezani sikulijua. Alishatoka mara moja rumande, nikasema afadhali sasa damu imesafishika. Nitaulizia hiyo methadoni. Lakini waandishi wa vyeti nao wawajibike.

MfamasiaWaUsiku:

Naongea kutoka upande wa dirishani. Wengi mnatuona wanyama.

Dawa hizi kwetu zinakaa kabati lenye kufuli, kila kidonge kinaandikwa kwenye daftari, na hesabu ikipungua ni mimi ninayeulizwa. Nimeletewa vyeti vilivyobadilishwa 10 ikawa 100 kwa wino wa rangi nyingine. Nimeletewa cheti cha daktari aliyekwishafariki. Kwa hiyo nikisitasita mbele ya mgonjwa wako wa kweli, sijamdharau. Sina njia ya haraka ya kumtofautisha, simu ya daktari haipokelewi, na nyuma yake kuna foleni.

Ningependa niongeze ambalo mleta mada hakuligusa. Mgonjwa aliyekataliwa dawa kali haendi nyumbani kukaa kimya. Anarudi kwangu kununua zile zisizo na masharti, na anazifakamia. Ibuprofeni na diklofenaki kila siku kwa miezi: vidonda vya tumbo, damu kwenye choo, figo. Na wale wanaotafuta kodeini humeza vile vidonge vilivyochanganywa na parasetamoli, kumi, kumi na tano, ili kodeini itoshe. Parasetamoli ikizidi gramu 4 kwa siku inaanza kulitafuta ini. Hao hawaingii kwenye hesabu ya wahanga wa masharti, wanaandikwa "ini" au "figo" basi.

Kingine kinachonikera ni sheria inayonipa mamlaka ya kukataa na isiyonipa mahali pa kumpeleka niliyemkataa. Ningekuwa na namba moja tu ya kliniki ya uraibu ya kumwandikia mtu kwenye kipande cha karatasi, kazi yangu ingebadilika.

Damu_Mundu:

Mimi ni mgonjwa wa seli mundu, nina umri wa kuitwa mama wa watu.

Kuzidiwa kwa seli mundu ni chembe za damu kujipinda na kuziba mishipa midogo. Sehemu ya mwili inakosa hewa. Kwangu huanzia kwenye mapaja na kifua. Hakuna jeraha la kuonyesha, hakuna uvimbe, mara nyingine hata homa hakuna. Kwa hiyo ukifika mapokezi, ushahidi wako ni mdomo wako tu, na mdomo wa mtu anayetaja morfini hauaminiki.

Nimejifunza kutotaja jina la dawa. Ukisema "huwa nasaidika na morfini, miligramu kadhaa", uso wa anayekuhudumia unafunga. Nimejifunza pia nisijikaze. Niliwahi kujikaza, natazama simu ili nisahau maumivu, nikaambiwa mgonjwa wa kweli hatazami simu. Kwa hiyo ukilia unaigiza, na usipolia huumwi. Nimezoea maumivu tangu utotoni, uso wangu hauonyeshi tena kila kitu, je, hilo nalo ni kosa langu?

Miongozo ipo. Uingereza inasema dawa ya maumivu itolewe ndani ya dakika 30 tangu mgonjwa wa namna hii afike. Chama cha wataalamu wa damu cha Marekani kilisema mwaka 2020 iwe ndani ya saa moja. Mimi nimesubiri mpaka zamu ikabadilika. Na siku hizo ndizo nilizolazwa muda mrefu zaidi, maana maumivu yakishapanda kileleni yanataka dawa nyingi zaidi kuyashusha. Ungenipa mapema ungenipa kidogo.

Kilichonisaidia ni hospitali moja kuniandikia mpango wangu: karatasi yenye dozi yangu, historia yangu, saini ya daktari anayenifuatilia. Naitoa, wanaisoma, tunaendelea. Wenzangu, iombeni karatasi hiyo mkiwa wazima, msisubiri mzidiwe.

Mkweli_Daima:

Kwa hiyo mnataka kila anayesema anaumwa apewe morfini? Tutakuja kulia.

MkeshaWodini:

Hapana mkuu. Mgongo wa kawaida unaouma miaka mingi, maumivu ya kichwa, magoti ya utu uzima, mara nyingi dawa hizi hazizishindi tiba nyingine na madhara yake yanazidi faida. Jino likishang'olewa, ibuprofeni na parasetamoli pamoja hufanya kazi vizuri, hakuna haja ya kumpa kijana mfuko wa vidonge vya oksikodoni. Ukiwa na historia ya uraibu, daktari ajue na akufuatilie kwa karibu zaidi, lakini ukipasuliwa tumbo bado unastahili kutulizwa maumivu.

Hata wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliipima tramadoli mwaka 2018 na hawakupendekeza iwekwe chini ya mikataba ya kimataifa, ingawa walijua inavyotumiwa vibaya. Waliogopa kwamba nchi ambazo ndiyo dawa kali pekee inayopatikana zitabaki mikono mitupu. Waliona pande zote mbili. Hicho tu ndicho ninachoomba.

Nesi_Shufaa:

Nimefanya tiba shufaa kwa muda mrefu, naomba niongeze ya vitendo kwa anayeuguza nyumbani, maana nyuzi kama hizi watu wanazitafuta usiku wakiwa na mgonjwa pembeni.

Morfini ya maji hutolewa kwa saa, kila baada ya saa nne, usisubiri mgonjwa alie ndipo umpe. Dozi ya kulala kwa kawaida huwa mara mbili ili apite usiku, lakini fuata alichoandika aliyekupa. Maumivu yakichomoza katikati kuna dozi ya nyongeza, uliza ni kiasi gani na uiandike kwenye daftari kila unapoitoa, saa na mililita. Tumia bomba la kupimia, achana na vijiko.

Choo kitafunga. Kichefuchefu na usingizi wa mwanzo hupita baada ya siku chache, kufunga choo hakupiti, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na morfini. Nimeona wagonjwa wakiikataa morfini iliyokuwa ikiwasaidia kwa sababu tu hakuna aliyewaambia hili.

Mwenye figo mbovu aseme mapema, dawa inarundikana mwilini. Pombe na vidonge vya usingizi visikae jirani na dawa hizi, vinapunguza pumzi kwa pamoja. Chupa ifungiwe, mtu mmoja au wawili tu wajue ilipo, na mgonjwa akifariki kilichobaki kirudishwe. Msikiweke kwa kumbukumbu wala msimpe jirani anayeumwa mgongo.

Baba_Zawadi:

Samahani kuingilia, uzi umenikuta wakati mbaya. Mke wangu ametumia morfini zaidi ya mwaka kwa maumivu ya neva baada ya upasuaji. Daktari mpya amesema inasimamishwa yote wiki hii kwa sababu ya utaratibu mpya. Yuko na hofu, ameanza kuficha vidonge kwenye pochi. Je, huo ni uraibu? Nimnyang'anye?

MkeshaWodini:

Ndugu, usimnyang'anye. Anaficha kwa sababu ameambiwa vinaisha, yeyote angeficha. Akikuona upande wa wanaomnyima, hatakuambia tena ukweli, na ukweli wake utauhitaji wiki hizi.

Kwa mtu aliyetumia mwaka mzima, hata kama kuna sababu nzuri ya kupunguza, mwongozo wa CDC wa 2022 unasema kupunguza kama asilimia 10 kwa mwezi, au polepole zaidi, ndiko kunakovumilika vizuri. Na kufanywe naye akishirikishwa. Kusimamisha kwa siku moja ni kwa dharura tu. Mueleze daktari hivyo bila ugomvi, na muulize swali moja: arosto na maumivu yakirudi, nimpigie nani?

Nesi_Shufaa:

Nakubaliana. Baba Zawadi, kabla ya miadi kaeni pamoja mwandike: dozi yake ya sasa na saa zake, anachoweza kufanya akiwa na dawa (kuoga mwenyewe, kupika, kutembea mpaka wapi), na alikuwaje kabla hajaanza. Daktari mpya hajamwona akiwa hana dawa, karatasi hiyo itamwonyesha. Kama hakubali kabisa, ombeni rufaa ya kliniki ya maumivu au tiba shufaa siku hiyo hiyo, na ombeni dozi za kumvusha mpaka aonwe.

Muulize pia mkeo, kwa upole na moja kwa moja, kama amefikiria kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Akisema ndiyo, asibaki peke yake, na daktari aambiwe leo.

Uliza famasia au kliniki kama wana naloksoni, ya kunyunyizia puani au ya sindano. Inarudisha pumzi dozi ikizidi. Dalili ni hizi: haamki ukimwita na kumtikisa, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu, anakoroma kwa namna usiyoijua au anavuta pumzi moja moja, midomo inabadilika rangi. Ukiziona, ita msaada, mpe naloksoni, mpulizie pumzi kama unajua namna, akianza kupumua mwenyewe mlaze ubavu, na usiondoke hata akiamka. Naloksoni hufanya kazi dakika 30 hadi 90, morfini inaweza kuwa bado imo ndani.

Baba_Zawadi:

Asanteni sana. Miadi ni kesho saa tatu. Tumeshaanza kuandika, yeye anasema, mimi naandika. Nitaleta mrejesho.